Hujachelewa, na Akaunti ya Mtu Usinunue

Kila nikigusia EVE Online katika safu hii, wiki haiishi kabla swali lilelile halijaingia, maneno tu ndiyo hubadilika: "Kaka, mchezo huu ulianza 2003. Hao wakongwe nitawafikia lini? Si bora ninunue akaunti iliyokwisha kukomaa, ndipo nitafute watu wa kucheza nao?" Si bora. Leo najibu kwa urefu ili nisijibu tena.

Anayeuliza kwa kawaida ameshaujaribu mchezo. Anajua kwamba ujuzi wa rubani kule hauji kwa kuua maadui, unakuja kwa saa ya ukutani: unachagua somo, unaliweka kwenye foleni, pointi zinajikusanya hata ukiwa umelala. Basi anapiga hesabu yake. Aliyeanza miaka ishirini kabla yangu amenitangulia miaka ishirini, mwendo wetu ni mmoja, kwa hiyo pengo halizibiki. Hesabu nzuri, na ni ya uongo.

Kila ujuzi una ngazi tano. Hakuna ya sita, hata ucheze mpaka mvi zikuote. Chukua ujuzi mwepesi kuliko wote: kufika ngazi ya kwanza kunataka pointi 250, ya pili 1,415, ya tatu 8,000, ya nne 45,255, na ya tano 256,000. Zisome tena hizo mbili za mwisho. Ukisimama ngazi ya nne umetumia chini ya moja ya tano ya muda wote. Umepata nini? Kwa sehemu kubwa ya masomo, kila ngazi huongeza kiasi kilekile. Tuseme ni asilimia 5: wa ngazi ya nne ana nyongeza ya 20, wa ngazi ya tano ana 25. Bunduki yako inapiga 120, yake inapiga 125. Hiyo tofauti, inayozidi asilimia 4 kidogo tu, ndiyo mtu anataka kuilipia pesa ya kodi ya chumba.

Na mamilioni mengine ya pointi za huyo mkongwe yako wapi? Yako kwenye uchimbaji madini, viwanda, biashara, meli za mataifa mengine matatu ambazo leo hakupanda. Siku akiingia kwenye meli ndogo ya frigeti, zinazofanya kazi ni zile tu zinazoihusu frigeti, na hizo mgeni mwenye subira anazifikisha ngazi ya nne ndani ya miezi michache. Wakongwe hawakuzidi kwa kimo. Wamekupita kwa upana, na upana haupigani vita zote kwa siku moja.

Sasa hiyo dawa inayouzwa. Iko ya aina mbili. Ya kwanza ni akaunti au fedha za mchezo kutoka kwa mtu wa pembeni, kwenye makundi ya simu, "bei ya kirafiki". Hii ni marufuku, na adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa akaunti. Hata isipofungwa, aliyeifungua kwa barua pepe yake anaweza kwenda kuidai na kuichukua, nawe huna pa kushtaki kwa sababu ulichonunua hakikuruhusiwa kuuzwa. Ya pili ni halali: sindano za ujuzi, ambazo CCP, kampuni ya Iceland inayomiliki mchezo, ilizileta Februari 2016. Sindano kubwa ina pointi 500,000. Zinakuingia zote ukiwa chini ya milioni 5. Ukivuka hapo zinaingia 400,000, ukivuka milioni 50 ni 300,000, na juu ya milioni 80 unabaki na 150,000. Halali, ndiyo. Ila sindano inakupa ruhusa ya kuketi kwenye usukani, haikupi mikono. Ni sawa na kumkabidhi fuso mtu ambaye hata bodaboda hajawahi kuiendesha.

Matokeo yake yanaonekana hadharani, kwa sababu kila meli inayolipuliwa kule huacha kumbukumbu, na nyingi kati ya hizo huishia kwenye tovuti ya zKillboard ambako yeyote anasoma. Fungua moja ya kumbukumbu hizo kutoka njia zinazoelekea soko la Jita. Juu: meli kubwa ya vita, ya gharama. Ndani yake: bunduki za saizi mbili tofauti, vifaa vya kuimarisha ngao vimechanganywa na vya kuimarisha deraya, nafasi moja tupu kabisa. Kisha tazama jina la kampuni ya rubani, maana kule kundi la wachezaji huitwa kampuni. Mara nyingi ni ile ya mfumo, ambamo kila mgeni huwekwa bila kuomba. Mtu huyu alikuwa na pointi, alikuwa na meli, na hakuwa na hata mmoja wa kumwambia "ndugu yangu, toa hicho kifaa". Hilo ndilo lililomuua.

Kuna wanaonibishia: kampuni itanipokea vipi nikiwa mnyonge? Itakupokea kwa sababu kuna kazi wanyonge huifanya vizuri kuliko wababe. Kazi ya kushika, kwa mfano. Unapanda frigeti ya bei ya kutupa, unafunga kifaa cha kuzuia meli ya adui isikimbie kwa mwendo wa warp, ambacho kikiwa cha kawaida kinafika kama kilomita 20. Unamkaribia adui mwenye meli kubwa na kumzunguka kwa kasi. Mizinga mikubwa hugeuka polepole, kitu kidogo kinachozunguka karibu inakikosa. Hawezi kukupiga, hawezi kuondoka, na wenzako wako njiani. Utalipuliwa mara nyingi, kampuni nyingi zitakupa frigeti nyingine, na kamanda atakujua kwa jina kabla hajajua una pointi ngapi.

Tena si lazima uwe mpiganaji. Miongoni mwa wachezaji waliovuma sana ni Sean Smith, ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani aliyeuawa Benghazi, Septemba 11, 2012. Ndani ya mchezo aliitwa Vile Rat, na sifa yake haikuwa ya meli. Alikuwa mwanadiplomasia wa muungano wa Goonswarm: mtu wa kuzungumza na maadui, kufunga mikataba, kuvunja miungano ya wengine kwa maneno. Alipofariki, wachezaji wa pande zote, waliopigana naye wakiwamo, walibadilisha majina ya stesheni zao kuwa jina lake. Kujua kusema na wachezaji wenzako hakuwekwi kwenye foleni.

Kwa hiyo jiulize tu ni kazi gani unaweza kuifanya saa mbili bila kuchoka. Mpenda hesabu, nenda sokoni Jita. Mpenda kimya, jifunze kupekua magofu na kuishi kwenye mashimo ya minyoo (wormholes), ambako orodha ya waliomo kwenye mfumo wa nyota haionyeshwi mpaka mtu aseme. Asiyependa kupigana kabisa aangalie Signal Cartel, wavumbuzi hasa, ambao pia huwaokoa waliopotelea humo mashimoni. Anayetaka kufundishwa kwa utaratibu, EVE University ipo tangu 2004 na kazi yake ndiyo hiyo. Anayetaka vita kuanzia leo, Brave Newbies au Pandemic Horde.

Mengine kwa haraka. Akaunti ya bure ipo tangu Novemba 2016, anza nayo, usilipe kitu mpaka uwe na kampuni. Saa ya mchezo iko nyuma yetu kwa saa tatu: kundi likisema mkusanyiko ni 18:00, kwetu ni saa tatu usiku, kwa hiyo tafuta makundi ya Ulaya, si ya Marekani, au utaitwa vitani saa kumi alfajiri. Saa nane mchana mchezo hufungwa kwa matengenezo, usidhani bando limeisha. Seva iko London, lakini huhesabu matukio mara moja kwa sekunde, hivyo umbali haukuumizi kama kwenye michezo ya kufyatuliana risasi. Kiingereza cha kusikia amri kinatosha. Jaribu kampuni wiki mbili, ikikuboa hama, hakuna atakayenuna.

La mwisho ni onyo. Kule, kumtapeli mtu ndani ya mchezo kunaruhusiwa na sheria zenyewe, na CCP hairudishi mali iliyoliwa kwa njia hiyo. Kampuni ikikudai ada ya kujiunga, au ikikuambia ukabidhi meli zako "wakusafirishie", jua hao ni wezi. Funga mazungumzo, tafuta kampuni nyingine.