Mtu Buibui, adui watatu na mchanga wa Makueni

Wapenzi wa senema hawajamaliza kubishana juu ya Spider-Man 3, ijapokuwa picha hiyo ilitoka mwaka 2007 na nyingine nyingi za jamii yake zimekwisha kuifuata. Walio wengi huilaumu. Husema adui ni wengi mno, machozi ni mengi mno, na steringi mwenyewe, kijana Peter Parker, yuachosha kwa kushindana na nafsi yake badala ya kushindana na watu. Kasoro hizo zimo, na nitazitaja. Lakini naona wengi wa wanaoilaumu wameitazama wakiwa wamekaa Marekani. Mtu akiitazama akiwa Wote, au Mutomo, au penginepo katika nchi ya Makueni na Kitui, ataona mle ndani mna adui mmoja anayestahili kuangaliwa mara ya pili, nao watengenezaji wa picha wakampa nafasi ndogo kuliko haki yake.

Tuanze na jina, kwa ajili ya wazee wasiofuata mambo haya. Mtu Buibui alizaliwa mwaka 1962 katika kitabu cha michoro, maneno yakiwa ya Stan Lee na mkono wa kuchora ukiwa wa Steve Ditko. Ni kijana yatima anayelelewa na ami yake, Ben, na mke wa ami, May. Akaumwa na buibui, akapata nguvu za kupanda kuta na kurusha nyuzi. Baadaye ami yake akauawa na mwizi, na tangu siku hiyo kijana akawa amejitwisha kazi ya kuwalinda watu wa mji wake. Sisi wa pwani hatuna sababu ya kumwona buibui kuwa ni mdudu wa kigeni katika mambo ya ulinzi. Kila mtoto aliyepita chuoni amesimuliwa habari za pango la Thaur na utando uliofumwa mlangoni mwake.

Picha ya kwanza ilitoka mwaka 2002 na ya pili mwaka 2004, zote mbili zikiongozwa na Sam Raimi, na Tobey Maguire akicheza kama Parker. Zilipendwa sana. Ya tatu ikatengenezwa kwa gharama kubwa mno, zaidi ya dola milioni 250, nayo ikakusanya karibu dola milioni 900 duniani kote. Kwa hivyo fedha haikuwa shida. Shida ilikuwa hadithi.

Katika picha hii kitu cheusi, mfano wa lami iliyo hai, chaanguka na kimondo kutoka angani na kumfuata Parker mpaka chumbani kwake. Usiku mmoja chamvaa. Akiamka ajiona ana vazi jeusi, na nguvu zimezidi. Hapo ndipo Mtu Buibui anapovaa buibui, jambo ambalo kwa Kiswahili chetu lachekesha kuliko kwa Kiingereza. Mama zetu wasiudhike: buibui lao ni stara, na hili la Parker kazi yake ni kumvua mtu stara. Akilivaa huwa na kiburi, hujitazama katika vioo vya maduka, hutembea njiani akichezesha mabega, na humwumbua mchumba wake Mary Jane mbele za watu. Watazamaji wengi walicheka kwa kejeli katika sehemu hiyo, wakaiita ya kipuuzi. Mimi naona kijana aliyelewa sifa hutembea vivyo hivyo, kila mji.

Sasa adui. Wa kwanza ni Harry, rafiki wa Parker, anayeamini kwamba Parker ndiye aliyemwua baba yake. Wa pili ni Eddie Brock, mpiga picha wa gazeti anayeshindania kazi na Parker na kughushi picha ili ampiku. Wa tatu ni Flint Marko, mfungwa aliyetoroka jela. Kila mmoja wao angetosha picha nzima. Kuwarundika pamoja ni sawa na mpishi anayetia biriani, wali wa nazi na mseto katika sahani moja: mlaji atashiba, lakini hatajua amekula nini. Raimi mwenyewe hakumtaka Brock, ambaye baadaye huwa zimwi liitwalo Venom. Mtayarishaji Avi Arad ndiye aliyesisitiza, kwa kuwa vijana wasomaji wa vitabu vile walimtaka sana. Miaka kadhaa baadaye Raimi alikiri hadharani kwamba picha ile ya tatu ilimharibikia, na kwamba hakumwamini kila mhusika aliyekuwamo.

Twende sasa Ukambani. Watu wa Mombasa walilelewa na Regal, Majestic na Naaz, majumba makubwa yenye viti vya safu na pazia. Vijana wengi wa Mwingi, Emali, Makindu na Kibwezi wamezijua picha za namna hii kwa njia ya kibanda cha video: chumba cha mabati, mabenchi, televisheni moja, na kiingilio cha shilingi chache. Humo mara nyingi picha haizungumzi peke yake. Yuko mfasiri aliyerekodi sauti yake juu ya sauti za Wazungu, na maarufu kupita wote nchini Kenya ni DJ Afro, ambaye hutumia Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, akieleza, akitania, na akimwonya steringi kama kwamba amsikia. Tanzania walikuwa na Lufufu, na Uganda wana wafasiri wao. Wako wanaoidharau kazi hii. Lakini picha yenye adui watatu na mambo ya moyoni, ikizungumzwa Kiingereza cha haraka, itamfikia vipi kijana wa Mtito Andei pasipo mtu wa kumshika mkono?

Tena zimwi anayejigeuza si mgeni kwa Wakamba. Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango karibu na mji wa Kitui mwaka 1931, alikusanya ngano za kwao katika kitabu kilichotoka mwaka 1966, na humo amejaa eimu, zimwi la Kikamba. Eimu aweza kubadilika umbo apendavyo. Mtazamaji aliyekulia katika ngano hizo hana haja ya kuelezwa kwa nini kitu kinachompendeza Parker mwilini ndicho kinachotaka kumla.

MTU WA MCHANGA

Lakini adui niliyemkusudia ni Marko. Aliiba kwa sababu ana binti mgonjwa, Penny, na hana fedha za matibabu. Akikimbizwa na polisi, huanguka katika shimo la wataalamu waliokuwa wakifanya majaribio yao, na mwili wake wachanganyika na mchanga. Tangu hapo huwa mchanga mtupu: akipigwa ngumi hupukutika, kisha hujikusanya tena. Katika sehemu moja tunamwona akijaribu kusimama kwa mara ya kwanza, punje kwa punje, na mkono wake wajaribu kuokota kidani chenye picha ya mtoto wake, kidani chapita kati ya vidole. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Ni dakika chache, nazo zapita zote nyingine za picha ile.

Huko Marekani mchanga ni mchanga tu. Kitui na Makueni mchanga ni maji. Mito mingi ya nchi hiyo, kama Thwake, Kaiti, Tiva na Nzeeu, ni mito ya msimu: mvua ikinyesha hufurika kwa muda mfupi, kisha hukauka. Abiria wa basi atokaye Mombasa kwenda Nairobi hutazama chini ya daraja akaona mchanga mweupe, akasema, hapa ni jangwa. Mwenyeji ajua kuwa maji yamo mle ndani, yamefichwa jua. Mwanamke huenda na kata na mtungi, akafukua shimo, akangoja maji yajikusanye taratibu. Ndiyo maana wananchi wa huko hujenga mabwawa ya mchanga. Hukinga ukuta wa mawe na saruji katikati ya mto mkavu, mafuriko yaje yarundike mchanga nyuma yake, na mchanga ule uhifadhi maji kati ya punje zake mpaka kiangazi. Katika Kitui pekee mabwawa ya namna hiyo yamejengwa kwa mamia, hasa tangu miaka ya 1990.

Mchanga huo huo ndio utakiwao na wajenzi wa Nairobi. Malori huingia mitoni, mara nyingi usiku, na vijana wa vijiji vya karibu huyajaza kwa beleshi kwa ujira mdogo. Mchanga ukiisha, mto hubaki mwamba mtupu, maji hukimbia yote, na yule mwanamke wa kata na mtungi hutembea mbali zaidi. Ugomvi huu si wa maneno matupu. Watu wameuawa kwa ajili yake huko Makueni, na askari polisi ni mmoja wao. Serikali ya jimbo la Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Kitui nako, mwaka 2018, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku kuusafirisha mchanga na makaa nje ya jimbo.

Sasa mwulize mtu wa Makueni: adui ni nani? Ni kijana mwenye beleshi, ambaye huenda naye ana mtoto mgonjwa nyumbani? Ni mwenye lori, asiyekanyaga mtoni? Ama ni yule anayejenga ghorofa mjini, wala hajui mchanga wake umetoka wapi? Anayekamatwa mara nyingi ni wa kwanza. Huyo kijana ni Flint Marko kabisa, mwizi mwenye sababu, na anayemwibia ni jirani ya mama yake. Kumwita zimwi ni uongo, na kumwachilia aendelee ni kuukausha mto. Picha ya Raimi ilikuwa imelishika swali hili mkononi, kisha ikaliachilia ili Venom apate nafasi ya kutoa meno.

Na tazama yanayofuata. Polisi wampa Parker habari kwamba Marko ndiye hasa aliyemwua ami yake. Naye, akiwa ndani ya vazi jeusi, amfuata mpaka katika njia ya treni chini ya ardhi, avunja bomba, na maji yamgeuza Marko tope na kumchukua. Kule Ukambani maji hukaa ndani ya mchanga yakapona, na huku maji yanafanywa silaha ya kuuangamiza. Parker arudi kwa mke wa ami yake na furaha ya mtu aliyelipa deni, akitazamia kushukuriwa. Bibi May hafurahi. Amwambia kwa upole kwamba si kazi yetu kuamua nani aishi na nani afe. Uso wa kijana wabadilika. Kwangu mimi hapo ndipo palipo kiini cha picha nzima, si katika mapigano ya angani.

Waliosoma chuoni watakumbuka kwamba nafsi ina daraja zake. Iko nafsi ammara, inayoamrisha maovu, na iko lawwama, inayojilaumu. Parker apita kutoka moja kwenda nyingine usiku anapompiga Mary Jane katika ukumbi wa muziki, akaanguka sakafuni, na kila mtu anyamaza. Apanda mnara wa kanisa na kulirarua vazi lile, na mlio wa kengele walilegeza. Lakini halifi. Ladondoka chini, na chini yuko Brock, aliyekuja kumwomba Mungu amwue Parker. Lamvaa yeye. Watengenezaji wamefanya haraka kupita hapo, nami ningependa wangekawia: uchafu aliouvua mmoja wamwangukia mwingine aliyekuwa tayari kuupokea.

Mwishoni Harry, aliyepata kujua kwamba baba yake hakuuawa na Parker, afa akimkinga rafiki yake. Brock aangamia kwa kulirudia vazi alilokwisha kutolewa. Marko abaki. Aeleza kwamba bastola ililia pasipo yeye kukusudia, na kwamba haombi asamehewe, ataka aeleweke tu. Parker amsamehe. Kisha mtu wa mchanga apeperuka na upepo.

Nimesikia wanaosema huo ni mwisho wa kitoto, kwamba mwuaji hasamehewi kwa maneno mawili. Hapa msomaji wa pwani ana la kusema kuliko Mmarekani. Sheria yetu imekiweka kisasi, ikaweka na diya, na juu ya yote mawili ikaweka msamaha wa mwenye damu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba msamaha huo ni mwepesi. Wakamba nao tangu zamani walikuwa na ng'ombe waliolipwa kwa damu, ili ukoo mmoja usimalize mwingine. Palipokosekana mlango wa namna hiyo tumeona yaliyotokea: katika delta ya Tana, mwaka 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa, Wapokomo na Waorma wakilipizana kijiji kwa kijiji. Akitazama picha hii mtu aliyezika katika siku zile, sidhani kwamba atakiona cha kitoto kile kimya cha Parker kabla ya kujibu.

Picha ya nne ya Raimi haikutengenezwa. Ilivunjwa mwezi Januari 2010, na kazi wakapewa wengine. Thomas Haden Church, aliyecheza kama Marko, alirejea mwaka 2021 katika Spider-Man: No Way Home, bado ni mchanga, na bado ataka kurudi kwa binti yake. Penny mwenyewe twamwona kidogo sana katika picha ya 2007, mtoto mwenye mkongojo mlangoni mwa nyumba ya mama yake, nayo picha ile yaisha bila kutuambia kama alipona.