Dibaga na Tenga la Samaki

Wenzangu wa chama, wako wanaoniuliza: dibaga, ile programu ya kusakia makosa, yawaje ituonyeshe alama zote ni sawa, na huku programu yetu imekwama? Hebu tazameni.

Tangu Java 5 ya mwaka 2004, mtu aweza kuandika msimbo mmoja wa kijumla ukafaa nambari, maneno au chochote. Ni kama tenga la wavuvi hapa Mambrui: leo changu, kesho tafi, tenga ni lile lile. Kompaila hukagua kibandiko cha tenga, kisha hukibandua. Programu ikianza kwenda, ndani ya msimbo ule dibaga yaona tenga tu.

Tuseme orodha ya alama za mtihani imepitia mlango usiokaguliwa, ikaingia 78 iliyo neno, si nambari. Dibaga yaandika [65, 78, 81]. Nani atashuku? Kosa litalipuka mbali, alama zinapojumlishwa, na mwanafunzi wa watu akose wastani wake. Dawa yake ni kuifungua orodha, kitu kimoja kimoja. Kila kimoja chabeba jina la aina yake, Integer au String. Na tenga likiwa tupu je? Hapo, bwana, rudi kwa msimbo uliolileta ukasome kibandiko huko.