Bweta la Chai na Kitasa Chake: Kukijua na Kukinunua Chombo cha Kale Mnadani

Katika maduka ya Kansanga, kando ya barabara inayotoka katikati ya Kampala kuelekea Ggaba na Ziwa Victoria, majani ya chai huuzwa katika pakiti za karatasi ambazo mnunuzi huziweka jikoni, akazifungua na kuzimaliza bila kuwaza hata siku moja kuzifungia kwa ufunguo. Kwa mwenye nyumba wa Uingereza wa karne ya 18 jambo hilo lingekuwa la ajabu, kwa kuwa majani hayo yalikuwa ghali kiasi kwamba aliyatia katika sanduku dogo lenye kitasa, akaliweka sebuleni mahali anapoweza kuliona, na ufunguo wake akautunza yeye mwenyewe. Sanduku hilo ndilo linaloitwa hapa bweta la chai, kwa kutumia neno ambalo Waswahili walilipata kwa Wareno na ambalo maana yake ni sanduku dogo la kutunzia vitu vya thamani. Leo mabweta hayo hutafutwa na wapenzi wa vitu vya kale, na kwa kuwa minada mingi ya Ulaya huendeshwa pia kwa njia ya intaneti, mkazi wa Kansanga anaweza kushindania bweta moja na mnunuzi aliyeko London. Ili ashindane kwa busara hana budi kujifunza mambo mawili, yaani namna ya kulisoma bweta lenyewe na namna ya kuzisoma kanuni za mnada.

Kwa nini chai ilifungiwa

Jina la Kiingereza la chombo hiki, caddy, limetokana na kati, kipimo cha uzito cha Kimalei kinacholingana na gramu 600 hivi, ambacho kilitumika katika biashara ya chai ya China. Chai ilianza kujulikana Uingereza katikati ya karne ya 17, na heshima yake ikakua pale Mfalme Charles II alipomwoa Catherine wa Braganza, binti wa mfalme wa Ureno aliyekuwa mpenzi wa chai, mwaka 1662. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ndiyo iliyokuwa na haki ya pekee ya kuiingiza nchini humo, na juu ya bei ya kampuni serikali iliongeza kodi nzito, hivi kwamba magendo yalishamiri na wachuuzi wakachanganya chai na majani ya miti mingine ili kuongeza uzito.

Mwaka 1784 serikali ya William Pitt ilipunguza kodi hiyo kutoka asilimia 119 hadi asilimia 12.5. Chai halali ikashuka bei, familia nyingi zaidi zikaweza kuinunua, na kwa kuwa bado haikuwa kitu cha kuachwa wazi, mafundi wakapata kazi ya kutengeneza mabweta kwa wingi. Hiyo ndiyo sababu sehemu kubwa ya mabweta yanayoonekana minadani siku hizi ni ya miaka ya mwisho ya karne ya 18 na ya nusu ya kwanza ya karne ya 19. Baadaye chai ya Assam, ambayo iliuzwa London kwa mara ya kwanza mwaka 1839, na kisha ile ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, zilizidi kuishusha bei, na chai ya pakiti ikaenea, hata kitasa kikabaki bila kazi na bweta likageuka kuwa pambo.

Mbao, magamba na pembe

Mabweta mengi yalitengenezwa kwa mbao, hasa mahogani, mjozi na miti mingine ya rangi nzito, na mara nyingi ubao unaoonekana kwa nje ni vinia, yaani ubao mwembamba wa mti wa thamani uliogundishwa juu ya mti wa kawaida. Juu ya vinia hiyo fundi aliweza kutia njumu, ambayo ni mapambo ya shaba, pembe au mti wa rangi nyingine yaliyochomekwa ndani ya uso wa mbao. Bweta kubwa huwa na vyumba viwili vyenye vifuniko vyake, kimoja cha chai ya kijani na kingine cha chai nyeusi, na katikati yake huwekwa bakuli la kioo ambalo wataalamu wengine husema lilikuwa la kuchanganyia majani na wengine husema lilikuwa la sukari. Yapo pia mabweta ya fedha, ya kauri, ya karatasi iliyogandamizwa na kupakwa rangi, na yale madogo yaliyochongwa kwa umbo la tofaa au peasi, ambayo yanapendwa sana na kwa sababu hiyo yanaigizwa sana.

Aina nyingine mbili zinamgusa msomaji wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, nazo ni mabweta yaliyofunikwa kwa gamba la ng'amba, ambaye ni kasa wa baharini mwenye gamba la madoa, na yale yaliyotiwa pembe za ndovu, hasa kwenye kibati kinachozunguka tundu la ufunguo. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Erythraea, unazitaja pembe za ndovu na magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za pwani hii. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilifika Buganda, ambako mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim aliingia katika ua wa Kabaka Suuna II mwaka 1844, na baada yake misafara ikachukua pembe kutoka nchi za maziwa hadi Zanzibar, na kutoka huko zikasafirishwa hadi Bombay, London na Marekani. Macho hayawezi kutambua pembe ya kibati fulani ilitoka kwa ndovu wa nchi gani, lakini ni wazi kwamba bara lililotoa malighafi hizo lina haki ya kulijua bweta kama sehemu ya historia yake.

Kulisoma bweta

Mnunuzi aanze na kitasa, kwa kuwa ndicho kilicholipa bweta sababu ya kuwepo. Kitasa cha asili hukaa katika nafasi iliyochimbwa kwa kipimo chake, na mbao zinazokizunguka huwa na rangi moja isiyo na matundu ya skrubu yaliyozibwa, ambapo matundu ya ziada ni dalili kwamba kitasa au bawaba zimebadilishwa. Skrubu zenyewe husema umri wa bweta, kwa sababu zile zilizotengenezwa kabla ya katikati ya karne ya 19 huwa na ncha butu na mfereji ambao haukukaa katikati barabara, ilhali zenye ncha kali ni za mashine za baadaye. Ufunguo uliopotea hupunguza bei kidogo tu, lakini kitasa kilichovunjwa kwa nguvu, na kuacha mbao zilizopasuka, ni hasara kubwa zaidi.

Baada ya hapo bweta litazamwe ndani. Mabweta mengi yalitandikwa karatasi ya metali yenye risasi na bati ili kuzuia unyevu na kuhifadhi harufu ya chai, na tandiko hilo likiwepo bado ni ushahidi mzuri wa asili yake. Hata hivyo risasi ni sumu, kwa hiyo bweta lenye tandiko hilo lisitumike tena kuwekea chai ya kunywa, hata kama mwenye nyumba anatamani kulirudishia kazi yake ya zamani. Bweta lililoondolewa vyumba vyake na kutandikwa kitambaa kwa ajili ya mapambo ya wanawake au barua limepoteza sehemu ya thamani yake, na muuzaji mwaminifu hulisema jambo hilo waziwazi.

Bweta la fedha lililotengenezwa Uingereza lina mihuri midogo iliyogongwa katika metali. Simba anayetembea huonyesha kwamba fedha safi si chini ya sehemu 925 katika 1,000, herufi huonyesha mwaka, na kichwa cha mfalme au malkia, kilichotumika kati ya mwaka 1784 na 1890, huonyesha kwamba kodi ililipwa. Mwili na kifuniko vyote vinapaswa kuwa na mihuri inayopatana, kwa maana kifuniko kilichotoka katika chombo kingine ni hila ya siku nyingi. Kuhusu mabweta ya umbo la tunda, mnunuzi ajihadhari na lile lililo duara kamili, kwa kuwa kadiri miaka inavyopita mti hupungua zaidi kwa upande mmoja kuliko mwingine, na tunda la kweli la miaka 200 kwa kawaida halibaki na duara kamili.

Kanuni za mnada

Mnada na chai ni marafiki wa zamani. Kampuni ya India Mashariki iliuza chai kwa mnada London kuanzia mwaka 1679, na katika minada ya zama hizo iliwashwa mishumaa, ambapo dau la mwisho lililotajwa kabla ya kipande cha mshumaa kuungua na kwisha ndilo lililoshinda. Mnada wa chai wa London ulifungwa tarehe 29 Juni 1998, huku mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969, ukiendelea kila wiki kuuza chai nyeusi ya nchi nyingi za ukanda huu, ikiwemo sehemu kubwa ya chai ya Uganda inayotoka Bushenyi, Kyenjojo, Kabarole na Kanungu. Kwa hiyo Waganda tayari ni wauzaji wazoefu wa mnadani, na anayelitafuta bweta anaingia tu kwa mlango wa pili.

Baadhi ya nyumba kongwe za mnada ziko London, zikiwemo Sotheby's iliyoanzishwa mwaka 1744, Christie's ya mwaka 1766 na Bonhams ya mwaka 1793, ingawa mabweta ya bei ya wastani huonekana zaidi katika nyumba ndogo za miji ya mikoani. Kila kitu hupewa namba na kuandikwa katika katalogi pamoja na makadirio, ambayo ni bei ya chini na ya juu inayotarajiwa. Muuzaji anaweza pia kuweka bei ya siri ambayo chini yake kitu hakitolewi. Mnunuzi aliye mbali ana haki ya kuomba ripoti ya hali ya kitu, yaani maelezo ya nyufa, matengenezo na sehemu zilizobadilishwa, pamoja na picha za ndani na za chini, na asipoziomba hawezi kulalamika baadaye, kwa kuwa vitu huuzwa jinsi vilivyo.

Bei inayotangazwa nyundo inapogongwa siyo bei ya mwisho. Ikiwa bweta limeuzwa kwa pauni 200 na ada ya mnunuzi ni asilimia 25, mnunuzi huongeza pauni 50, na ikiwa ada hiyo inatozwa kodi ya asilimia 20 huongeza pauni 10, hivyo hulipa pauni 260 kabla ya gharama za kufungasha, bima na usafiri. Mzigo ukifika Uganda, ushuru wa forodha huweza kutozwa, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya jumla inayojumuisha thamani, usafiri, bima na ushuru. Njia salama ni kuhesabu kwa kurudi nyuma, yaani kuanza na fedha zote zilizopo, kuondoa gharama hizo, na kuandika kiasi kinachobaki kuwa dau la juu kabisa lisilovukwa hata mashindano yakiwa moto.

Sheria ni kizuizi kingine. Uganda ni mwanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ng'amba na ndovu wote wanalindwa na mkataba huo. Uingereza nayo ina Sheria ya Pembe za Ndovu ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, ambayo inaruhusu kuuza vitu vya kabla ya mwaka 1947 vyenye pembe chini ya asilimia 10 iwapo tu vimesajiliwa. Hata kibati kidogo cha pembe kinaweza kukwamisha mzigo mpakani, na kwa mnunuzi wa Kampala ni hekima kuchagua bweta la mbao na shaba pekee.

Bweta lililo karibu

Minada ya Kampala kwa kawaida ni ya magari, nyumba na mali zilizoshikwa kwa madeni, na hutangazwa na madalali wa mahakama katika magazeti, kwa hiyo bweta la chai likionekana humo litakuwa limechanganywa na vyombo vingine vya nyumbani. Hapo swali kubwa ni lilikotoka. Mwaka 1972 Waasia walipopewa siku 90 kuondoka Uganda, vyombo vya nyumba nyingi vilitawanyika bila hati, na mnunuzi mwadilifu huuliza historia ya kitu kabla ya kuuliza bei yake, kisha akayaandika majibu na kuyatunza pamoja na risiti.

Bweta likishafika nyumbani liwekwe mbali na dirisha lenye jua na mbali na ukuta wenye unyevu, kwa sababu gundi ya zamani ilipikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo hulegezwa na maji na joto hadi vinia ikabanduka. Lipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, na kipande cha vinia kikidondoka kisitupwe, bali kitiwe katika bahasha na kuhifadhiwa ndani ya bweta hadi fundi apatikane, kwa kuwa ubao wa asili ni bora kuliko wowote utakaochongwa upya.

Katika Kiluganda majani ya chai huitwa amajaani, neno lililotoka katika Kiswahili kama vile chai yenyewe ilivyotoka mbali kabla ya kuota katika vilima vya magharibi ya Uganda. Anayeliweka bweta la kale katika nyumba ya Kansanga, likiwa tupu na ufunguo wake ukining'inia, anaweza kuwaonyesha watoto kile kitasa na kuwaeleza kwamba wakulima wa nchi yao leo huchuma kwa mikono majani ambayo zamani yalifungiwa kama fedha, na maelezo hayo yana thamani kuliko makadirio ya katalogi yoyote.