Usizibe matundu ya hewa unapobadilisha madirisha ya zamani

WAMILIKI wengi wa nyumba zilizojengwa miongo kadhaa iliyopita wanang'oa madirisha ya chuma na kuweka ya alumini. Sababu zao zina mashiko: chuma kimeliwa na kutu, mabawa hayafungi sawasawa na mvua ya masika huingia hadi kitandani. Hata hivyo, dirisha jipya laweza kuleta hatari ambayo lile kuukuu halikuwa nayo.

Madirisha mengi ya zamani yana matundu ya hewa sehemu ya juu, yaliyowekwa wavu wa kuzuia mbu. Matundu hayo huwa wazi usiku na mchana. Madirisha mengi ya alumini hutengenezwa bila matundu, na wenye nyumba hufurahi kwamba baridi na vumbi haviingii tena.

Tatizo huzuka Juni na Julai, baridi inapotanda Nairobi, Limuru na Nyahururu, na familia ikaingiza jiko la makaa ndani. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo huizuia damu kubeba oksijeni, na aliyelala huenda asiamke. Jiko hilo halifai kuwekwa chumbani hata kama matundu yapo. Yakizibwa, gesi hujaa upesi zaidi. Mwagize fundi aache nafasi ya hewa juu ya kila dirisha.

Aidha, zingatia namna dirisha linavyofunguka. Lile la kusukuma kando hufungua takriban nusu tu ya upana wake, ilhali la mabawa hufunguka karibu lote. Kwa wakazi wa Mombasa au Kisumu, kunakohitajika upepo mwingi, tofauti hiyo si ndogo.

Kuhusu vipimo, pima upana na urefu mahali patatu kila upande, kisha utumie kipimo kidogo zaidi. Kuta za zamani ni nadra kunyooka. Pima kila dirisha peke yake hata kama yanaonekana kulingana.

Fremu za chuma zilishikizwa ukutani kwa miguu iliyozamishwa katika saruji. Kuzing'oa kwa nguvu hupasua ukuta. Fundi mwangalifu huzikata vipande vipande kwa msumeno wa chuma, kisha huitoa miguu taratibu. Watoto wasiwe karibu, kwani vumbi la rangi ya zamani huenda likawa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo.

Vilevile, saruji mbichi hula alumini. Ukuta urekebishwe na kukauka kwanza, ndipo fremu ifungwe kwa skrubu na pengo lizibwe kwa silikoni. Vitundu vidogo vilivyo chini ya fremu visizibwe, kwa kuwa ndivyo hutoa maji ya mvua.

Fauka ya hayo, ikiwa utarejesha vyuma vya kuzuia wezi, hakikisha dirisha moja katika kila chumba cha kulala lina vyuma vinavyofunguka kutoka ndani. Moto ukizuka mlangoni, hiyo ndiyo njia iliyosalia ya kujiokoa.

Ni vyema kazi hii ifanywe Januari au Februari, kabla ya masika. Na kabla ya kumlipa fundi salio lake, mwagia kila dirisha maji kutoka nje, kisha uingie ndani ukague ukuta.