Fahamu: Kipimo cha haraka cha dengue kinaona nini, na kinakosa nini

Mwaka 2019 Tanzania ilirekodi zaidi ya wagonjwa 6,000 wa homa ya dengue, wengi wao Dar es Salaam. Homa kali, kichwa kinagonga, viungo vinauma: dalili ambazo wengi huziita malaria kabla hata ya kutobolewa kidole. Kipimo cha malaria kikitoka hasi, swali hubaki palepale.

Hapo ndipo kipimo cha haraka cha dengue kinapofaa, hasa kwenye zahanati isiyo na mashine ya PCR, inayosaka vinasaba vya kirusi. Damu kidogo huwekwa kwenye kikasha cha plastiki, na majibu husomwa ndani ya dakika 15 hadi 20. Sehemu moja hutafuta NS1, protini ya kirusi chenyewe, inayoweza kuonekana tangu siku ya kwanza ya homa hadi kama siku ya saba. Nyingine husaka kingamwili za IgM, ambazo huanza kujitokeza siku ya nne au ya tano. Mhudumu asipouliza homa ilianza lini, anaweza kusoma jibu vibaya.

Jibu hasi halitoshi kumwondolea mgonjwa shaka. NS1 hukosekana zaidi kwa aliyewahi kuugua dengue, na huyo ndiye aliye katika hatari kubwa ya kupata dengue kali.

Dawa ya kuua kirusi hiki haijapatikana. Hata hivyo, kukitambua mapema humwepusha mgonjwa na aspirini na ibuprofeni, zinazoongeza hatari ya kutokwa damu, na humwezesha kurudi hospitali haraka akianza kutapika mfululizo au kuumwa sana tumbo, hasa homa inaposhuka.