Almasi Mbele ya Nyundo

Mkazi wa Kabondo, hapa Kisangani, atokapo kwake kwenda Makiso kwa shughuli zake, hupita penye nyumba za wanunuzi wa almasi, na huenda amewahi kuambiwa kwamba johari ya kweli, ikiwekwa juu ya fuawe na kupigwa nyundo, haidhuriki. Itikadi hiyo ni ya kale, kwani Pliny, mwanachuoni wa Roma aliyefariki mwaka 79, aliiandika kana kwamba ni yakini. Lakini mwenye kuifuata ataiona almasi yake halisi ikigeuka vumbi.

Asili ya kosa ni kuchanganya sifa mbili: ugumu, yaani kukataa kukwaruzwa, na ustahimilivu, yaani kuhimili pigo. Kwa ugumu almasi haina mshindani miongoni mwa mawe ya asili, maadamu kila atomu yake ya kaboni imeshikana na nyingine nne kwa mpango usiobadilika, ncha hadi ncha ya fuwele. Mpango huohuo, hata hivyo, huacha pande nne ambazo matabaka yake yameungana kwa vifungo vichache zaidi, na ufa ukiupata mmojawapo hukimbia bila kizuizi. Siri hiyo ndiyo aliyoitumia Joseph Asscher huko Amsterdam mwaka 1908, alipoipasua Cullinan, almasi ya karati 3,106.

Wala binadamu hakuishia kuipasua almasi: mwaka 1954 wataalamu wa General Electric, nchini Marekani, walifaulu kutengeneza almasi kwa kuibana kaboni, pamoja na metali iliyoyeyuka, kwa shinikizo lipitalo la hewa tuvutayo mara 50,000 na zaidi. Na leo huoteshwa pia kutokana na gesi ya methani, tabaka juu ya tabaka. Lakini hekima kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni ya wale waliouponya udhaifu wa fuwele: huchukua chembe ndogo mno za almasi, wakazioka chini ya shinikizo pamoja na kobalti, ambayo nchi yetu ya Kongo huitoa kuliko nyingine yoyote duniani, hata zikashikana kuwa bamba moja ambamo kila chembe imeelekea upande wake, na ufa uanzao katika moja hukwama kwa jirani yake. Kwa meno ya namna hiyo mitambo hutoboa miamba kutafuta mafuta.

Basi mwenye jiwe la shaka na alipime kwa maji, kwani almasi huwa na uzito wa mara tatu na nusu ya maji ya ujazo uleule, ilhali kwatzi nyeupe haifiki mara tatu. Nayo nyundo aiachie misumari.