Unaweka chuma cha mbele kwa Subaru? Usiguse nati ya katikati

Beshte yangu amepata Impreza, na kabla hata ya kuiosha akataka ile ba ya mbele. Wasee wa Subaru wanaijua: chuma kinachopita juu ya injini, kikiunganisha vichwa vya shokabu za kulia na kushoto. Ukikata kona na kasi, bodi hujipinda kidogo. Chuma hiki hupunguza huko kujipinda, na usukani unaitika haraka.

Kazi yenyewe si ngumu. Gari likae chini kwa magurudumu yake, si kwenye jeki. Fungua nati tatu ndogo kila upande kwa spana ya 12, weka chuma, rudisha nati. Usizikaze kama za gurudumu, zitakatika.

Sasa fundi wetu akaenda moja kwa moja kwa ile nati kubwa ya katikati. Nikamshika mkono! Hiyo ndiyo hushikilia springi iliyobanwa. Ikiachilia, inaweza kukuvunja uso. Akacheka, ati mimi ni fundi wa simu. Sikujali. Aliirudisha spana.

Tulishusha boneti polepole, haikugusa chuma. Kona ya kwanza, kumbe bushi zimeisha: ngo, ngo, ngo. Na pesa za bushi ndizo zilinunua chuma.